Us: filamu ya kutisha ambayo adui ana sura ya mwenye nyumba

Us, yaani "Sisi", ni filamu ya kutisha iliyoandikwa na kuongozwa na Jordan Peele wa Marekani, na kutolewa Machi 2019. Mhusika wake mkuu, Adelaide Wilson, ameigizwa na Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico na kutunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2014.

Utotoni, Adelaide alipotea ndani ya nyumba ya vioo ufukweni Santa Cruz, California, akakutana na msichana aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Akiwa mtu mzima anarudi huko likizoni pamoja na mumewe na watoto wawili. Usiku, watu wanne wanasimama nje wameshikana mikono, na mtoto wa kiume anawatambua: ni wao wenyewe. Pacha hao wameishi katika mahandaki, wakilazimika kuiga kila tendo la walio juu, na sasa wamepanda na mikasi.

Nyong'o anaigiza pia Red, pacha wa Adelaide. Sauti ya Red yenye kukwaruza aliitoa kwenye ugonjwa unaobana misuli ya koo. Watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika, naye akaomba radhi. Katika filamu inayohoji ni nani huitwa zimwi, lalamiko hilo lilikuwa na uzito.

Kasese, hofu ya namna hii haihitaji sinema. Mpakani Mpondwe, jirani na Bwera, Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wameunganishwa na lugha na undugu. Miezi mitatu tu baada ya filamu kutolewa, tarehe 11 Juni 2019, ilithibitishwa kuwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo alikuwa na Ebola. Alitibiwa Kagando, akahamishiwa Bwera. Watatu wa familia hiyo walifariki.

Ghafla wa kuogopwa alikuwa jamaa arudiye kutoka kuuguza, mwenye sura na lugha ya nyumbani. Siku za soko na mikusanyiko zilisitishwa wilayani. Mpondwe wasafiri walipimwa joto, wakanawa, na wananchi wakashauriwa kuacha kupeana mikono.