Ferosini: Waliofafanua Walituzwa, Walioipata Wakasahaulika

Desemba 2026 inatimia miaka 75 tangu jarida la Nature lichapishe barua fupi kuhusu ferosini, kampaundi yenye chuma, iliyoandikwa na Thomas Kealy na Peter Pauson wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, Marekani. Kealy alikuwa mwanafunzi. Pauson, mzaliwa wa Bamberg, alikuwa amekimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939. Walikuwa wakitafuta kampaundi nyingine kabisa, isiyo na chuma. Wakapata fuwele za rangi ya chungwa, imara ajabu, zinazoyeyuka kwenye nyuzi joto 173 hivi.

Kikosi cha Kampuni ya Oksijeni ya Uingereza nacho kilikuwa kimeipata ferosini.

Mchoro wa Pauson uliunganisha chuma na kaboni moja tu katika kila moja ya pete zake mbili za kaboni, jambo ambalo halikueleza uimara huo. Mapema 1952, Geoffrey Wilkinson na Robert Woodward wa Harvard walieleza kwamba chuma kimebanwa katikati ya pete mbili kama sandwichi, kikishika kaboni zote kumi kwa usawa. Ernst Otto Fischer wa Munich alifika hapohapo kwa eksirei.

Moto uliwaka mwaka 1973, Fischer na Wilkinson walipopewa Tuzo ya Nobel. Woodward aliiandikia kamati barua kali akidai wazo la umbo hilo lilikuwa lake. Tayari alikuwa na Nobel ya 1965, lakini hilo halikumtuliza. Wilkinson naye alishikilia kwamba aliliona mwenyewe aliposoma barua ya Duquesne. Ugomvi huo umesimuliwa mara nyingi kuliko kazi ya Kealy na Pauson, na hiyo si haki: bila fuwele zao, hakuna ambaye angekuwa na cha kugombea.

Ferosini hutoa elektroni moja ikageuka buluu. Ikirudishiwa, rangi ya chungwa hurejea. Kwa sababu hiyo, mwaka 1984 IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, ilipendekeza itumike kama kigezo cha kupimia volteji katika viyeyushi visivyo maji. Miaka hiyohiyo ilianza kubeba elektroni katika vipimo vya sukari ya damu. Ikiongezewa fosforasi, hushika paladi na kusaidia kutengeneza dawa. Ferokwini, dawa ya malaria iliyobuniwa Ufaransa kutokana nayo, imejaribiwa kwa wagonjwa nchini Gabon.

Walimu wa kemia wanapochora sandwichi hiyo ubaoni, waanze kwa kuandika majina mawili: Kealy na Pauson.