Shaba, Umeme na Moshi wa Viwanda

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Itakumbukwa kwamba wakati ule Halmashauri ya Umeme ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa ikitafuta wateja wakubwa wa kuununua umeme huo, kwa maana taa za Kampala na Entebbe peke yake zisingeweza kulipa gharama ya bwawa. Mmoja wa wateja hao alipatikana magharibi, chini ya milima ya Rwenzori, nako ni Kilembe kwenye shaba.

Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huo huo mgodi ukaanza kazi. Tangu hapo shaba iliyokwisha kuchambuliwa ilipakiwa katika mabehewa, ikasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Kampala, ikapita mjini na kuendelea hadi Jinja, ambako tanuri lililoendeshwa kwa umeme wa Nile liliiyeyusha. Katika miaka ya 1960 shaba ilishika nafasi ya tatu katika mauzo ya Uganda nchi za nje, baada ya kahawa na pamba. Lakini ilitoka nchini ikiwa bado ghafi, ikaenda kusafishwa na kufanywa nyaya na mitambo ng'ambo, kama ilivyokuwa desturi ya uchumi uliorithiwa kutoka kwa wakoloni. Kisha bei ya shaba duniani ikaporomoka baada ya 1974, vipuri vikaadimika chini ya utawala wa Idi Amin, mafundi wakatawanyika, na mwaka 1982 kazi ikasimama. Kwa muda wa miaka 26 yalikuwa yamechimbwa mawe ya shaba yapatayo tani milioni 16.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, mwanakemia wa Kijapani Yoshio Hori na wenzake walitangaza jambo ambalo halikusikika Kilembe wala Jinja. Walichukua maji yenye chumvi, wakapitisha ndani yake hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile ile itokayo katika moshi wa viwanda na katika pumzi za watu. Wakatumbukiza vipande vya metali mbalimbali na kuviunganisha na umeme. Kwamba umeme unaweza kuigeuza hewa hiyo kuwa asidi ya fomiki lilikuwa jambo la kale, lililojulikana tangu karne ya 19. Jipya lilikuwa tabia ya shaba. Dhahabu na fedha zilitoa zaidi monoksaidi ya kaboni. Risasi na bati zilitoa asidi ile ya zamani. Chuma na nikeli zilipoteza umeme karibu wote kwa kutoa haidrojeni ya maji. Shaba ilitoa gesi ya methani, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba hutoa pia ethilini na alkoholi.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Ili kaboni mbili ziunganishwe, sharti metali izishike kwa muda. Zikishikwa kwa nguvu mno, kama ifanyavyo nikeli, hukwama na kuuziba uso wa metali. Zikishikwa kwa ulegevu, kama ifanyavyo dhahabu, huponyoka kabla hazijakutana. Shaba imesimama katikati. Nayo yenyewe hailiwi katika kazi hiyo. Ni kichocheo tu.

Si ajabu basi kwamba jambo hili limewashughulisha wataalamu kwa miaka 40. Ethilini ndiyo mama wa plastiki. Mifuko ambayo wakazi wa Kampala huiita kaveera, inayoziba mfereji wa Nakivubo kila msimu wa mvua, hutengenezwa kwa ethilini itokanayo na mafuta na gesi ya nchi za nje. Mwaka 2009 serikali iliipiga marufuku mifuko hiyo, lakini marufuku haikutekelezwa barabara. Plastiki iliyotokana na moshi ingeziba mfereji vile vile. Hilo lisisahauliwe na wale wanaoisifu elimu hii kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa.

Hesabu yenyewe ni kali. Tani moja ya ethilini hutaka zaidi ya tani tatu za hewa ya ukaa. Kwa nadharia tupu hutaka pia yuniti zipatazo 13,000 za umeme, na mitambo halisi hutaka mara mbili ya hizo au zaidi. Tena shaba haitoi kitu kimoja: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walihesabu vitu 16 tofauti vilivyotoka katika kipande kimoja, na kuvitenganisha ni gharama nyingine. Uso wa shaba hubadilika na kuchoka kadiri saa zinavyopita. Moshi wenye salfa huuharibu, kwa hiyo lazima usafishwe kwanza.

Hata hivyo, nchi chache zina vitu vinavyohitajiwa vikiwa karibu karibu kama Uganda. Kiwanda cha saruji cha Hima kimo katika wilaya ya Kasese, wilaya ile ile ya Kilembe. Na saruji hutoa hewa ya ukaa hata kama tanuri lingewashwa kwa moto usio na moshi, kwa kuwa chokaa yenyewe huitoa ichomwapo. Umeme nao umeongezeka: Bujagali megawati 250 mwaka 2012, Isimba 183 mwaka 2019, na Karuma 600, lililozinduliwa rasmi mwaka 2024, hata uwezo wa mitambo yote ukapita megawati 2,000, zaidi ya mahitaji ya wateja waliokuwapo. Swali lililowasumbua wakubwa wa 1954, la nani atakayeununua umeme, limerudi.

Kuhusu shaba yenyewe, wapo watakaodhani kwamba elimu hii itaupandisha thamani mgodi wa Kilembe. Hilo ni kosa. Kichocheo hutaka shaba kidogo sana, na nchi isiyo na mgodi hata mmoja yaweza kuinunua sokoni. Kilembe ilikodishwa mwaka 2013 kwa kampuni ya Tibet Hima kutoka China, na mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Swali lililostahili kuulizwa ni kama mkodishaji angejenga maabara au kusomesha wanakemia huko Makerere.

Na bado Kasese ina ushahidi wake. Mabaki ya mgodi yaliyorundikwa kama takataka yalikuwa na kobalti. Kuanzia 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese iliyashughulikia kwa kutumia bakteria waliokula salfa na chuma, kisha kobalti ikavutwa kutoka katika maji kwa umeme, ikiwa safi, mpaka lundo likaisha. Lundo hilo lilikuwa limekaa nje kwa miaka 17 tangu mgodi ulipofungwa, mvua ikiliosha kuelekea Ziwa George.