Famakokinetiki ya prazikwanteli kwa watoto

Famakokinetiki ya prazikwanteli kwa watoto ni uchunguzi wa jinsi mwili wa mtoto unavyofyonza, kuvunja na kutoa dawa hiyo inayotibu kichocho.

Kichocho husababishwa na minyoo ya jenasi Schistosoma. Lava wake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya binadamu. Mkoa wa Mara (Tanzania), wenye wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, uko kando ya Ziwa Viktoria. Watoto wanaoteka maji, kuoga au kucheza ziwani huambukizwa hasa kichocho cha tumbo (Schistosoma mansoni).

Dawa ikimezwa hufyonzwa utumboni na kupita kwanza kwenye ini, ambako vimeng'enya huvunja sehemu yake kubwa. Mabaki hutoka hasa kwa mkojo. Watafiti hupima damu ya mtoto mara kadhaa baada ya kumeza.

Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Utafiti wa Uganda uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo hupata dawa kidogo zaidi katika damu, hivyo minyoo inaweza kubaki hai. Kwa sababu hiyo dozi ya mtoto haikisiwi kutokana na ile ya mtu mzima.

Kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6 ilitengenezwa aprazikwanteli, kidonge kinachoyeyuka majini na chenye uchungu mdogo. Ilijaribiwa Kenya na Cote d'Ivoire. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa zilizothibitishwa ubora.