Sheria Moja, Kambi Moja: Waroma, Wasinti na Mahjub wa Dar es Salaam

Katika mwambao wetu, kuanzia Ujiji hadi Ilagala, kila mtu anaijua Liemba, meli iliyoletwa na Wajerumani, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaiopoa. Chuma cha mkoloni tunakikumbuka. Je, ni makada wangapi wanaomjua Mtanganyika aliyefia katika kambi ya mateso ya Manazi?

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe alilitumikia jeshi hilo utotoni katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao. Akajibiwa kwamba amechelewa. Alibaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili chuo kikuu.

Mwaka 1933 Manazi walishika dola, na mkuu wa chuo hicho akawa Eugen Fischer. Huyu alijipatia sifa kwa kupima watu wa Rehoboth, Namibia, mwaka 1908, baada ya maelfu ya Waherero na Wanama kufia katika kambi za Wajerumani. Ndiyo kusema, ubaguzi wa Hitler ulikwisha kufanyiwa majaribio Afrika.

Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 ziliwalenga Wayahudi. Muda mfupi baadaye, amri za utekelezaji ziliwatia watu weusi fungu moja na Waroma na Wasinti, jamii zilizoishi Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1936, kabla ya michezo ya Olimpiki, polisi wa Berlin waliwakusanya Waroma na Wasinti wapatao 600 katika kambi ya Marzahn. Wataalamu wa Robert Ritter wakawaandikisha ukoo kwa ukoo. Orodha hizo zilifungua njia ya Auschwitz, walikopelekwa watu wapatao 23,000. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, zaidi ya 4,000 waliosalia waliuawa kwa gesi.

Mahjub alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. Bila kesi, alipelekwa Sachsenhausen, ambako Waroma na Wasinti pia walifungwa. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Funzo la kwanza: utumishi kwa beberu si kinga. Wasinti waliopigana katika jeshi la Ujerumani nao walipelekwa Auschwitz.

Funzo la pili ni la kumbukumbu. Mwaka 1956 mahakama kuu ya Ujerumani Magharibi ilisema kuwa Waroma na Wasinti waliteswa kabla ya 1943 kwa sababu za usalama, si za ubaguzi. Majaji waliyaamini majalada ya watesaji. Serikali ilikiri mauaji hayo ya kimbari mwaka 1982 tu. Jiwe la kumbukumbu la Mahjub liliwekwa Berlin mwaka 2007.

Mkoa wa Kigoma, uliopokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, unajua mwisho wa kuwapanga watu kwa nasaba. Hapana budi, basi, kila kada anapokabidhiwa orodha ya watu aulize: imeandikwa na nani, kwa faida ya nani, na walioandikwa wamesikilizwa wapi?