Muhuri wa Mfalme na Sauti ya Nyumbani: Wenzi wa Viongozi katika Historia ya Mara na ya Taifa

Utangulizi

Katika kila serikali kuna mamlaka inayotajwa na katiba, na kuna nguvu ambayo katiba haiitaji. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza jinsi Rais anavyopatikana, kazi zake, na jinsi anavyoweza kuondolewa. Haimpi mke wa Rais, wala mume wa Rais, kazi yoyote ya utawala. Hata hivyo kila raia anajua kwamba mtu anayekula meza moja na kiongozi, anayemwona akiwa amechoka na akiwa na hofu, ana nafasi ya kusikilizwa ambayo waziri hana. Nafasi hiyo haikupigiwa kura na mtu yeyote, wala hakuna uchaguzi unaoweza kuiondoa.

Makala hii inakusudia kuitazama nguvu hiyo kwa kuanzia mkoani Mara, katika Butiama, Musoma na Bunda, ambako historia imetuachia mfano unaofaa kuchunguzwa. Hatutaki kuwahukumu wake wa viongozi, kwa maana ni rahisi mno kwa wanaume kumtafuta Yezebeli katika kila nyumba ya mkubwa. Tunataka kuuliza swali la kikanisa na la kiraia pamoja: ni lini ushauri wa nyumbani unakuwa utawala, na nani awajibike unapofikia hapo?

Boma la Mtemi

Kabla ya Wajerumani kufika, Wazanaki na majirani zao waliendesha mambo yao kwa kiasi kikubwa kupitia rika, koo na wazee. Rika moja lilipomaliza zamu yake lilikabidhi kazi kwa rika lililofuata, na jambo hilo lilifanyika hadharani. Humo ndimo lilimotoka neno kung'atuka, ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilichukua katika Kizanaki na kulifanya mali ya Kiswahili chote. Neno hilo lina fundisho ndani yake: mamlaka ni zamu, na zamu ina mwanzo na mwisho unaoonekana na watu.

Utawala wa kikoloni ulileta mpango mwingine. Serikali ilimtaka mtu mmoja wa kumwagiza, kwa hiyo utemi ukatiwa nguvu mikononi mwa nyumba moja. Burito Nyerere alikuwa mtemi wa Butiama tangu mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942. Alikuwa na wake 22, na wa tano kati yao, Mugaya wa Nyang'ombe, ndiye aliyemzaa Julius mwaka 1922. Katika mpango wa namna hiyo nyumba na serikali vilikaribiana mno. Ndoa ya mtemi ilikuwa pia mapatano na ukoo wa mke, na shemeji wa mtemi hakuwa mtu wa kawaida. Twaona basi kwamba suala la wenzi wa viongozi halikuanza na uhuru. Mahali popote ambapo mamlaka inatoka katika rika na kuingia katika nyumba, waliomo nyumbani wanaigusa, wapende wasipende.

Mwalimu wa Nyegina

Maria Gabriel alizaliwa mwaka 1930 huko Baraki, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Rorya. Alisomeshwa katika shule za misheni ya Kikatoliki, akafuzu ualimu huko Sumve, akafundisha Nyegina karibu na Musoma. Januari 1953 alifunga ndoa na Julius Nyerere mjini Musoma, baada ya Julius kurudi kutoka masomoni Edinburgh. Basi alikuwa mtu mwenye taaluma yake kabla ya kuwa mke wa mtu mashuhuri.

Mwaka 1955 mumewe aliacha kazi ya ualimu huko Pugu ili aitumikie TANU, na mshahara wake ukakoma. Mama Maria aliendesha duka dogo mjini Dar es Salaam, akiuza mafuta ya taa na vitu vya matumizi ya kila siku. Wanahistoria wamezoea kuandika juu ya hotuba, mikutano na safari ya Umoja wa Mataifa. Lakini mtu anayehutubia taifa sharti awe amekula. Hapa tunaona namna ya kwanza ya mchango wa mwenzi wa kiongozi: kuibeba nyumba ili mwingine aweze kulibeba taifa. Mchango huo ulikuwa mkubwa, nao haukumpa mamlaka juu ya mtu yeyote.

Kisha yakafuata miaka ya madaraka, tangu 1961 mpaka 1985. Mama Maria hakuwa waziri wala mbunge. Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka katika urais, na Butiama ikawa tena makao ya familia. Mwaka 1999 alizikwa huko huko. Wananchi wengi wa Mara wanauheshimu utulivu wa mama huyo. Lakini mtu anayetaka kujifunza katika historia hawezi kuridhika na tabia njema ya mtu mmoja. Tabia haiwezi kurithishwa kwa sheria. Yafaa tuulize kama kulikuwa na kanuni iliyoilinda nchi hata kama nyumba ile ingekuwa ya watu wa tabia nyingine.

Azimio na Ndoa

Kanuni hiyo ilikuwapo. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, liliweka masharti ya viongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waandishi wake walijua jinsi binadamu alivyo. Walijua kwamba kiongozi anaweza kuiandika nyumba kwa jina la mkewe na kulala usingizi. Kwa hiyo walieleza kuwa kiongozi, kwa maana ya Azimio, ni mwanamume pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe.

Tafsiri hiyo inastahili kusomwa kwa makini. Haikumpa mwenzi wa kiongozi sehemu ya madaraka, bali ilimpa sehemu ya masharti. Wawili walikuwa mwili mmoja mbele ya katazo, wala si mbele ya muhuri. Tena ilisema mwanamke na mumewe, wakati ambapo wanawake viongozi walikuwa wachache sana. Katika hili Azimio liliona mbali.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti hayo. Mwaka 1995 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atangaze mali zake pamoja na za mwenzi wake wa ndoa na watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Ni sheria njema. Lakini tamko la mali laweza kuonyesha nyumba, shamba na gari. Halionyeshi simu iliyopigwa, wala jina lililotajwa mezani wakati wa chakula cha jioni.

Mifuko na Majukwaa

Katika zama za vyama vingi namna mpya ya huduma imeingia. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997. Mama Salma Kikwete, mwalimu kwa taaluma, alianzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo, yaani WAMA, mwaka 2006. Akina mama wafanyabiashara wadogo na wasichana wa shule wamelengwa na kazi hizo, wala hatuna sababu ya kuzibeza. Swali letu linahusu muundo wenyewe. Tajiri anapotoa mchango kwa mfuko unaoongozwa na mke wa Rais aliye madarakani, nani atakayejua kama anamsaidia maskini au anabisha hodi Ikulu? Hata mtoaji mwenyewe huenda asijue. Mwenye mfuko akiwa mwaminifu kabisa, bado shaka inabaki, na shaka hiyo inawadhuru hata wema.

Njia nyingine ni ya jukwaa la wazi. Mama Salma Kikwete aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2017, baada ya mumewe kuondoka madarakani, na mwaka 2020 akawa mbunge wa jimbo la Mchinga. Huko Bunda Mjini mwaka 2015 Ester Bulaya alimshinda Stephen Wasira, mwanasiasa mkongwe na waziri, kwa kura za wananchi. Tunamtaja kwa sababu anatukumbusha kwamba mwanamke wa Mara haihitaji nyumba ya mkubwa ili asikike. Anayeingia kwa kura anaweza kuulizwa na kuondolewa kwa kura.

Hata hivyo jukwaa nalo lina uchungu wake. Mwaka 1988 Mama Sofia Kawawa, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, alizungumza hadharani juu ya ndoa za wake wengi na haki za wanawake katika sheria za dini. Mwezi Mei kulikuwa na maandamano Zanzibar na watu walipoteza maisha. Mama Sofia alikuwa na cheo chake mwenyewe. Lakini alikuwa pia mke wa Mzee Rashidi Kawawa, Katibu Mkuu wa CCM wakati huo. Ni vigumu kwa mtu wa namna hiyo kusema neno lisichukuliwe kuwa la nyumba nzima na la chama kizima. Hapa mwanamke ndiye anayepoteza: neno lake mwenyewe linanyang'anywa na kupewa mumewe.

Majirani zetu wametoa mafunzo mengine. Nchini Uganda Bibi Janet Museveni alichaguliwa mbunge wa Ruhaama mwaka 2006, akawa Waziri wa Nchi wa Karamoja mwaka 2009, na mwaka 2016 akakabidhiwa Wizara ya Elimu. Hii si nguvu ya kujificha, kwa kuwa waziri anaulizwa bungeni. Lakini aliyemteua ni mumewe, na mwenye kuweza kumwachisha kazi ni yeye huyo huyo. Nchini Zimbabwe, Novemba 2017, matumaini ya Bibi Grace Mugabe kupanda cheo yalikuwa sehemu ya mgogoro uliomwondoa mumewe madarakani baada ya miaka 37.

Na tangu Machi 19, 2021, Tanzania ilipompata Rais mwanamke, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, swali limegeuka. Mumewe, Bwana Hafidh Ameir, hasikiki sana, na ni wachache wanaouliza anamshauri nini mkewe. Kwa nini tuliuliza sana juu ya wake na tunauliza kidogo juu ya mume? Kama hoja yetu ni ya haki, sharti iwe moja kwa wote.

Ushahidi wa Maandiko

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili vizuri. Katika 1 Fal. 21 Yezebeli anaandika barua kwa jina la Ahabu na kuzitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wanatii, na Nabothi anakufa. Wahubiri wengi wanaishia kwa Yezebeli. Lakini Eliya anatumwa kwanza kwa Ahabu, na swali la kuua na kutwaa anaulizwa Ahabu. Muhuri ulikuwa wake. Mke alitenda dhambi, naye hakusahauliwa katika hukumu. Ila aliyekabidhiwa muhuri hawezi kujificha nyuma ya mkewe, kama Adamu alivyojaribu.

Mke wa Pilato, katika Mt. 27:19, hakugusa muhuri. Alipeleka ujumbe kwa sababu ya ndoto, na ushauri wake ulikuwa wa haki kuliko hukumu ya mumewe. Ni jambo la kutafakari kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambamo vilevile mke anamwonya mumewe kwa sababu ya ndoto, naye hasikii. Esta naye aliingia katika ua wa mfalme bila kuitwa, akijua sheria, akautaja ukoo wake na haja yake mbele ya adui yake. Alisema waziwazi, na hatari ilikuwa juu yake mwenyewe.

Tukiyaweka haya pamoja, tunapata kipimo. Ushauri si dhambi. Kiongozi asiyeshauriwa nyumbani huenda ni maskini. Dhambi inaanza pale muhuri unapohama mkono na watu wasijue. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 14, linafundisha kwamba pasipo mwito halali mtu asihudumu hadharani katika kanisa. Fundisho hilo linahusu Neno na Sakramenti, lakini busara yake inaenea: kazi ya watu wote haichukuliwi kimyakimya, inakabidhiwa mbele ya watu wote.

Nyumba ya Mchungaji

Basi tusinyoshe kidole kuelekea Ikulu tu. Katika sharika zetu mama mchungaji anafanya kazi bila mshahara, anakaribisha wageni, anaongoza akina mama, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza kama ameitwa kwa hayo. Upande mwingine, kuna Wakristo wanaojua kwamba neno lililoshindwa katika baraza la wazee laweza kupitishwa uani. Tangu wanawake walipoanza kubarikiwa kuwa wachungaji katika KKKT miaka ya mwanzo ya 1990, yapo pia mabwana wa wachungaji, nao wana masikio na ndimi. Mwanafunzi wa theolojia anayetarajia kupewa usharika na alijue jambo hili kabla hajapewa mhuri.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kazi ya mwenzi wa mchungaji itambuliwe na baraza, iandikwe, na awe huru kuikataa. Pili, fedha yoyote inayokusanywa kwa jina lake ikaguliwe kama fedha nyingine za usharika. Tatu, shauri lililoamuliwa barazani lisibadilishwe mahali pengine isipokuwa barazani. Kanisa likiyatenda haya litakuwa na kinywa cha kuiambia serikali iirudie hekima ya 1967: mwenzi wa kiongozi ashiriki masharti ya uongozi, na asikabidhiwe madaraka yake. Mama aliyeuza mafuta ya taa ili taifa lipate msemaji anastahili shukrani ya nchi. Na mwananchi wa Bunda mwenye kesi ya shamba anastahili kujua kwamba hukumu yake itatolewa na yule aliyeapa kuitoa.