Ngome ya Mombasa na Nyumba ya Bao

Msomaji, ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa wakati wa alasiri, huenda ukawakuta wazee wameketi barazani wakicheza bao. Simama kidogo uwatazame. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 32. Katika safu ya mbele ya kila mmoja liko shimo liitwalo nyumba. Shimo hilo lina heshima isiyopewa mengine: mchezaji anapokula, na kete yake ya mwisho ikaangukia humo, ana hiari ya kulala au kusafiri. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa bao hupenda kujaza nyumba zao. Lakini nyumba imo mbele ya adui, nayo huweza kuliwa. Aliyekusanya kete zake zote mahali pamoja huweza kupoteza kwa mkono mmoja alichokijenga kwa muda mrefu.

Nimeanza na bao kwa sababu mwendo wa dakika chache kutoka katika baraza hizo imesimama nyumba nyingine iliyojaa kete, yaani Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 juu ya jabali la matumbawe, mlangoni mwa bandari. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milano. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka wa 1589, meli za Waturuki zilikuwa zimeingia Mombasa, na Wareno wakaogopa zisije zikarudi. Basi wakajenga kuta nene zenye pembe zilizotokeza, ili mizinga yao ilinde kila upande na adui asipate mahali pa kujificha. Walimwazia adui atakayekuja kwa meli na mizinga, nao wakamwekea tayari jibu lake.

Adui wa kwanza kuitwaa hakuja kwa meli wala kwa mizinga. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1631, mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia kwa kupitia mlangoni akiwa na watu wake, akamwua kapiteni wa Ngome. Ukuta humzuia aliye nje. Humwezi kumzuia aliyefunguliwa mlango. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kuishambulia ngome waliyoijenga wenyewe, wakashindwa. Waliirudia tu baada ya Yusuf kuiacha kwa hiari yake na kwenda zake baharini.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwezi wa Machi mwaka wa 1696, merikebu za Imamu wa Omani, Saif bin Sultan, zilipotia nanga Mombasa. Hapo pande mbili zilipambana, kila upande una nguvu ambayo mwenzake hana. Wareno walikuwa na kuta, na mizinga ya Waarabu haikuweza kuzibomoa. Waarabu walikuwa na kisiwa, mji, na subira. Wareno wa ndani hawakufika hata mia. Wengi wa waliojifungia pamoja nao walikuwa watu wa pwani, wake kwa waume na watoto. Chakula chao na askari wapya vilitoka Goa, ng'ambo ya bahari, na meli za Goa huja kwa pepo za kaskazi. Kwa hiyo uhai wa Ngome haukuwa katika mawe yake; ulikuwa katika upepo.

Msaada ulifika mwisho wa Desemba mwaka wa 1696, lakini baada yake yakaingia maradhi. Katika mwaka wa 1697 watu walikufa kwa wingi, hata mwezi wa Agosti kapiteni wa Kireno naye akafa. Nani basi aliyeshika Ngome? Aliishika Bwana Daud, kijana wa Kiswahili wa ukoo wa wafalme wa Faza, pamoja na watu wachache wa pwani waliosalia, wanawake wakiwamo. Waliilinda mpaka meli zilipofika mwezi wa Septemba. Mmoja katika meli hizo, Santo António de Tanna, ulizama chini ya kuta mwezi wa Oktoba. Mabaki yake yalichimbuliwa kati ya mwaka wa 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa humo vimewekwa katika makumbusho ya Ngome.

Tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, Waarabu waliingia kwa ngazi. Kuta zilikuwa zimesimama vile vile. Waliokosekana ni watu wa kuzisimamia. Siku chache baadaye meli za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Omani, zikageuka.

Pengine utasema kwamba Wareno walishindwa na dola kubwa. Tazama basi yaliyotokea baadaye. Mwezi wa Machi mwaka wa 1728 Wareno walirudi Mombasa wakipata msaada wa mfalme wa Pate, na Ngome ikawa mikononi mwao tena. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe waliwaasi, wakawafungia ndani. Watu hao hawakuwa na mizinga ya kubomolea kuta, lakini mashamba yalikuwa yao, visima vya mji vyao, na njia za bara zao. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1729 wenye Ngome walitoka kwa njaa, na utawala wa Wareno katika Mombasa ukaisha moja kwa moja.

Hata ule ubora wa kuta haukudumu. Mwaka wa 1875, akida wa Mombasa alipomwasi Sultani wa Unguja na kujifungia Ngomeni, manowari za Waingereza ziliipiga kwa mizinga, naye akasalimu amri siku hiyo hiyo. Silaha za dunia zilikuwa zimebadilika, na ukuta haukubadilika pamoja nazo.

Msomaji, sisemi kwamba kuta zilikuwa hazina faida. Bila ya kuta hizo, wachache wale wasingaliweza kukaa miezi 33. Mchezaji stadi haidharau nyumba yake. Lakini kete nyingine huzisambaza, ili nyumba ikiliwa asiwe mikono mitupu. Wareno waliweka hazina yao katika mawe, wakasahau kuweka akiba katika nyoyo za majirani. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku utakapoizuru Ngome, usitazame mizinga peke yake. Panda ukutani, uugeukie Mji wa Kale, kisha ujiulize: nani aliyewalisha watu waliokaa humu, na kwa nini siku moja alikataa?