Riba Nafuu na Kiwanda cha Mgololo

Riba ni bei ya kungoja: mwenye akiba hungoja ili mwenye haja atumie. Bei hiyo inapokuwa chini, yafaa tuulize imeshushwa na nini. Iko riba inayoshuka kwa sababu akiba ni tele na bei za vitu zimetulia, kama ilivyokuwa Japani mwishoni mwa karne ya 20. Iko pia riba inayoshushwa kwa amri. Ya Tanzania ilikuwa ya namna hii ya pili.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, isiyokuwa na mshindani wa kweli. Serikali ilipanga viwango vya riba ili mashirika ya umma yapate mtaji kwa urahisi. Lakini katikati ya miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa asilimia 30 au zaidi kila mwaka, na riba ya akiba ikabaki nyuma sana. Tuseme mkulima wa chai wa Mufindi aliweka shilingi 100 kwa riba ya asilimia 10. Mwaka ulipokwisha alipewa 110, ambazo hazikuweza kununua hata vitu vya shilingi 85 za mwanzo. Basi unafuu wa mkopaji ulilipwa na mweka akiba, wala hakuulizwa.

Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichotegemea misonobari ya Sao Hill, kilianza kazi mwaka 1985. Kilijengwa kwa mikopo mingi ya nje, ikiwamo ya Benki ya Dunia, yenye masharti mepesi. Lakini rahisi ghali: mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, mwaka 1990 ilikaribia 200. Riba haikupanda, ila deni lilikua. Si haki kuitwika riba lawama yote ya kusimama kwa kiwanda hicho katika miaka ya 1990. Hata hivyo, mtaji unaoonekana rahisi huwavuta watu kuchagua mitambo mikubwa kuliko uwezo wao.

Sheria ya 1991 ilifungua mlango kwa mabenki ya watu binafsi, na bei ya fedha ikaachiwa soko. Tangu hapo kilio kimegeuka: mkopaji ndiye alalamikaye. Kilio chake ni cha haki. Lakini dawa yake ni bei tulivu na akiba nyingi. Amri peke yake humhamishia mzigo yule mkulima.